Utosi wa Pili wa Minza

Médiatrice ni msusi wa mtaa wa Nsemulwa, na mimi nilimtukana mbele za watu siku ileile aliyomwokoa mwanangu. Naanza na hilo kwa sababu nikilificha, mengine yote nitakayosema juu yake yatakuwa uongo.

Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi. Leo ni Mtanzania mwenye kitambulisho, na hukasirika ukimwuliza kwao ni wapi. Anasukia barazani kwake, yeye juu ya kigoda, mteja chini kwenye mkeka katikati ya magoti yake. Kabla hajashika kitana hupitisha vidole kichwa kizima, taratibu, kuanzia kisogoni mpaka kwenye paji la uso. Wanawake wenye haraka humcheka kwamba anatafuta chawa, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. "Nasoma kichwa," hujibu, basi.

Mimi naitwa Nyanzala, Msukuma. Tunakaa Misunkumilo, pembeni kwenye mashamba, pamoja na ng'ombe wetu. Desemba shule zilipofungwa nilimpelekea Médiatrice binti yangu Minza, wa miaka tisa, asukwe twende kilioni. Mwezi mzima mtoto huyu alikuwa akiniudhi. Nikimtuma maji, anaweka ngata upande wa kulia badala ya katikati, ndoo inalala, maji yanamwagika njia nzima. Akasema kichwa kinamuuma. Nikamzaba kofi, nikidhani ni uvivu, na kofi lile hadi leo linanichoma mimi.

Nilimwacha barazani nikaenda sokoni. Kurudi, nakuta nusu ya kichwa imesukwa, nusu imeachwa. Minza analia, na juu ya sikio lake la kushoto pamevimba.

"Umemvuta nywele mpaka kichwa kimevimba!" nikafoka. Nikaongeza na majina mengine ambayo siyaandiki hapa. Majirani wakatoka nje kuangalia.

"Mama Minza, gusa kwanza," alisema Médiatrice.

Nikagusa. Palikuwa laini, panabonyea. Hasira ikaniishia. Kumbe jipu tu, tena limeiva! Mimi nimekulia zizini. Majipu ya ndama nimeyatumbua tangu nikiwa msichana, na ya wanangu pia, na hakuna aliyewahi kufa. Wembe wa Médiatrice wa kukatia uzi ulikuwa palepale pembeni ya mkeka. Nikauchukua, nikamshika mtoto kichwa.

"Oya! Oya!" Kirundi kilimtoka, yaani hapana, hapana. Akatia mkono wake kati ya wembe na kichwa cha mwanangu, na wembe ukampasua kiganja. Damu ikadondoka begani kwa Minza. Nilibaki na wembe mkononi.

"Jipu lina moto, hili halina," alisema akihema. "Na jipu halina ukingo. Zungusha kidole, mama, polepole. Unasikia? Mfupa unaishia hapo. Ni utosi kama wa kichanga. Mtoto wa miaka tisa anapata wapi utosi mwingine?"

Nikazungusha kidole. Ukingo ulikuwapo kweli, wa duara, kama mdomo wa kikombe kilichofunikwa kitambaa. Nikakaa chini kwenye vipande vya uzi.

Tulikwenda hospitali wote watatu. Daktari Makarius hakutucheka. Alisikiliza habari ya utosi mpaka mwisho, akaagiza mtoto apigwe picha ya kichwa. Alipoiinua kwenye mwanga nikaona fuvu la mwanangu, na juu ya sikio duara jeusi, ukubwa wa kifuniko cha soda.

"Hapa mfupa umeliwa wote," alisema. "Chini ya ngozi hakuna kitu ila utando wa ubongo."

"Je, mtu angepapasua kwa wembe?" niliuliza.

Akanitazama. "Nani alitaka kupapasua?"

Médiatrice, kiganja kimefungwa kitambaa, ndiye aliyejibu. "Hakuna, dokta. Tunauliza tu."

Tukapewa rufaa kwenda Mwanza. Nililia njia nzima nikijua ni kansa, na mume wangu Lyamba naye aliamini hivyo. Kule walipiga picha mifupa yote ya Minza kutafuta matundu mengine, wasione hata moja. Wakampasua, wakakwangua kilichokuwa ndani ya tundu, wakakipeleka maabara. Majibu yalichukua wiki mbili.

Ugonjwa una jina refu, limeandikwa kwenye cheti, mimi siliwezi. Daktari wa kule alinieleza hivi: seli za kinga, zile zinazotakiwa kumlinda, zimejazana mahali pamoja zikaula mfupa. Kwa kuwa tundu ni moja na limekwanguliwa, mfupa utajijaza taratibu kutoka pembeni. Arudi kila baada ya miezi michache aangaliwe, na asibebe ndoo kichwani.

"Zinazotakiwa kumlinda?" nilimwuliza.

"Ndiyo, mama. Hizohizo."

Nikakumbuka ule wembe, nikaanza kulia upya, na yeye alidhani nalia kwa furaha.

Agosti nywele zilikuwa zimeota, nikamrudisha Minza Nsemulwa. Niliomba msamaha barazani, mbele ya majirani walewale, kwa sauti ileile niliyotukania. Médiatrice aliniacha nimalize. "Haya, nyie kaeni, mnanizibia mwanga," alisema.

Akapitisha vidole kichwani kwa Minza kama kawaida yake. Vilipofika juu ya sikio la kushoto vikasimama. Vikakaa pale muda mrefu.

"Ukingo umesogea ndani," alisema hatimaye. "Pamebaki padogo, hata ncha ya kidole haizami. Njoo uguse mwenyewe, Mama Minza."

Nikanyoosha mkono. Minza aliuona unakuja, akainama haraka, akaficha kichwa kwenye goti la Médiatrice, naye akakifunika kwa kiganja chenye kovu.

Nikaurudisha mkono wangu, nikaukalia.