Lori tupu lililokunywa mafuta kama limejaa, mlima wa Vudee

Wakuu, salaam zenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Nimesoma uzi wa jamaa anayelia gari lake linakunywa mafuta. Mkamjazia majibu: plagi, eya klina, upepo wa tairi. Yote kweli. Ila mimi mzee wenu yalinikuta yasiyokuwemo humo, na siongezi chumvi hata punje.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilikuwa dereva wa lori la petroli hapo Same. Kazi yangu kushusha familia kutoka Vudee kwenda kijiji kipya huko tambarare, upande wa Ndungu. Nashuka nimejaa, napanda mtupu.

Bosi wangu alikuwa Mpare wa huko huko Vudee. (Wapare hawapendi kuhama, msinune.) Ili kuonyesha mfano, akamshusha mama yake mzazi.

Bibi mwembamba, nilimnyanyua kama mtoto. Akanishika mkono: "Mwanangu, utanirudisha?"

Nikamwambia ndiyo mama, ili anyamaze tu.

Homa za kule hazikumpa nafasi. Akazikwa huko huko tambarare, na wala hakuwa wa kwanza. Watu wa milimani wengi walilala pale.

Basi baada ya mazishi lori likabadilika. Kushuka, safi. Kupanda tupu, linalia gia ya kwanza mlima mzima na tangi linakauka.

Nikasafisha kabureta. Nikabadili plagi. Nikaangalia kama breki zinakamata. Wapi!

Petroli enzi zile ilikuwa ya mgao. Bosi akaniita mwizi, akasema atapanda na mimi, na lori likienda vizuri ananipeleka polisi siku hiyo hiyo. Nilikuwa na mke na watoto wadogo. Nililia, sioni haya kusema.

Tukapanda mchana kweupe. Bodi tupu, kaikagua mwenyewe.

Tulipoingia kwenye ukungu lori likaanza kuhema. Akashuka kuangalia. Springi zimelala kabisa, kama tumepakia magunia mpaka juu. Akarudi kukaa, akaniashiria niendelee kupanda.

Mbele ya nyumba ya mama yake, iliyobaki gofu, injini ikazima yenyewe.

Bosi akaenda nyuma, akafungua mlango wa bodi. Nikamsikia: "Shikamoo mama. Tumefika, shuka taratibu."

Springi zikanyanyuka kidogo. Kisha tena kidogo. Kisha tena. Zikaendelea hivyo, na mimi nimeshikilia usukani nywele zimenisimama.

Toka siku ile lori halikusumbua, na neno mwizi sikulisikia tena.

Nilichojifunza: kabla hujamtukana fundi au dereva wako, angalia gari limebeba nini.

Wataalamu wa magari karibuni mnikosoe, ila msiniletee habari za springi mbovu. Nijibuni hili tu: yule bibi nilimbeba kwa mikono yangu, hakuwa na uzito wowote.

Sasa pale nyuma alikuwa na nani?