Maboksi Ambayo Nassra Hakuyaona

Khamisa wa kikundi cha kina mama keshanijia mara tatu, anataka niandike maisha ya Nassra kwenye kijitabu chao. Mara ya kwanza nilimwambia mimi nimeishia kisomo cha watu wazima, herufi zangu zinakwenda upande kama kaa. Mara ya pili nilimwambia ana wanawe waliosoma, awatume hao. Mara ya tatu akasema, "Bi Wanu, wewe ndiye unayeyajua." Hilo likanichoma, maana ni kweli. Basi naandika, na asinisahihishe mtu.

Nassra ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nilimlea Jambiani kwa mwani, nikamsomesha, akaolewa, akaachwa. Mwanawe Shadya, miaka tisa, akabaki kwa baba yake Bwejuu. Sisi wawili tukahamia mjini, Mkunazini, na Nassra akapata kazi ambayo mwanzo sikuielewa. Kampuni inayotengeneza kompyuta ilimwajiri ahesabu kompyuta zinazouzwa, si zake tu, za kampuni zote. Kila mwezi azunguke maduka ya Darajani, ayapige picha maboksi matupu yanayobaki dukani, aandike: katika kila kumi, za kwao ngapi. Wenyewe wanaita sehemu ya soko.

"Kwani zao si wanazijua?" nilimuuliza.

"Wanajua walizouza wao, Mama. Hawajui wenzao wameuza ngapi. Januari skuli zinafunguliwa, kila mtu anauza. Masika hoteli zimefungwa, hauzi mtu. Ukitazama zako peke yake utajisifu bure, au utalia bure."

"Kama mwani," nikasema. "Umevuna magunia matano unacheza ngoma, kumbe jirani kavuna kumi."

Akacheka. "Wewe ungekuwa bosi wangu."

Januari alipata tatu katika kumi. Wakil, mkubwa wake wa Dar es Salaam, akampigia simu kumsifu. Akamwambia mkataba unaisha Machi, na namba zikikaa hivyo atapewa wa miaka miwili. Baba yake Shadya naye alikuwa kashasema: akiuona mkataba huo, mtoto atamtoa aje kwetu. Nassra akanunua kitanda kidogo, akakifunga kwa nailoni kisiingie vumbi.

Februari ikaingia Ramadhani. Ramadhani haikai mwezi mmoja wa kizungu, kila mwaka inarudi nyuma, na karatasi za kampuni hazina pa kuandika hilo. Mchana yalikuwa wazi maduka makubwa yanayouzia ofisi na hoteli, na hao hununua kompyuta za kampuni nyingine. Haroub na wenziwe, wanaouza za kwao Nassra kwa wanafunzi na watu wa majumbani, walikuwa wanafungua usiku, baada ya sala ya tarawehe.

Hapo ndipo nilipojitia mimi.

"Hutoki," nilimwambia.

"Mama, Haroub hafungui mchana."

"Mpigie simu."

"Kwa simu kila mwenye duka muongo. Lazima niyaone maboksi."

"Mwanamke aliyeachwa, peke yake, Darajani, saa nne usiku. Watu watasemaje?"

"Watasema nahesabu maboksi."

"Na wao watakuhesabu wewe."

"Basi twende sote."

Ningeweza kwenda. Goti langu halikuwa bovu kiasi hicho. Lakini nilikuwa nshasema hapana, na mimi neno langu silirudishi. Nilipokuwa nalima mwani nilifuata maji yanapotoka, saa yoyote, hata usiku, na ole wake mtu aniulize. Nililikumbuka hilo siku ile ile, nikalinyamazia.

Akahesabu mchana tu. Ikatoka moja katika kumi.

Baada ya Idi, Wakil akaja mwenyewe. Akaniamkia, nikamjibu marahaba, akakaa kwenye kiti chetu kimoja kilicho kizima.

"Nassra, Januari tatu, sasa moja. Tumepotea?"

"Hatujapotea. Kuna maduka tisa sikuyafikia."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nassra hakunitazama.

"Niliumwa."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

Nami nikammiminia mgeni chai. Kinywa changu hiki, kinachowanyamazisha wauza samaki, siku ile kilifunga.

Nassra akakimbilia kwa Haroub. Maboksi yalishachukuliwa na gari la taka. "Ziliuzwa nyingi, dada," Haroub akamwambia. Lakini nyingi si namba. Mkataba haukuandikwa, na Bwejuu habari ikafika kabla yetu, baba mtu akamzuia mtoto.

Baadaye nilimpigia simu Wakil nikamwambia mwenye maradhi nilikuwa mimi, niliyemkataza kutoka usiku. Akanishukuru kwa adabu. Akasema bila ushahidi, maneno yangu ni maneno tu.

Nassra karudi Jambiani, anawafungia watu mwani kwenye kamba. Ijumaa anakwenda Bwejuu, anakaa barazani na mwanawe saa moja, kama mgeni. Nikimpigia anaitika, "Naam, Mama, sote wazima," basi. Kitanda kidogo sijui nikipeleke wapi.

Wewe unayesoma, pole yako sina haja nayo. Kama Ramadhani hii ulinunua kompyuta Darajani baada ya tarawehe, risiti unayo. Itafute, tazama na jina la kampuni lililo kwenye kifuniko cha kompyuta, uje navyo Mkunazini, uulize kwa Bi Wanu. Najua hawatamrudisha kazini. Nataka risiti hamsini hata hivyo, na usije mikono mitupu.