Mzee Maloba, Mfasiri wa Wakwe

Mzee Rasto Maloba tulimzika mwezi uliopita nyumbani kwake, nje kidogo ya Busia, upande wa Uganda. Kama umewahi kuoa au kuozesha kati ya Majanji na Tororo, huenda uliisikia sauti yake. Ndiye aliyekaa katikati ya wakwe wasioelewana lugha, akichukua maneno huku na kuyapeleka kule. Ujanani alikuwa akipima pamba Tororo. Kila mkulima aliulalamikia mzani kwa lugha ya kwao, na ilimbidi kumjibu.

Mimi alinikuta Mukuju nikiuza mahindi ya kuchemsha, wakati wa korona, shule zilipofungwa na sisi walimu tukajitafutia riziki. Nilikuwa nikigombana na wateja wawili kwa mpigo. Akangoja nimalize.

"Mwalimu Alupo," akasema, "wewe natukana watu na lugha ngapi?"

"Tatu," nikajibu kwa aibu.

"Kuja nikuongeze ya nne."

Ndivyo nilivyoanza kujifunza Kisamia, pamoja na kazi yenyewe. Alinifundisha kukaa hatua mbili kutoka kwa msemaji mwenye mapengo. Alinifundisha pia kwamba likija neno baya, mfasiri aombe maji anywe polepole, maana katika kumeza ndipo neno zuri hupatikana.

Neno baya lilikuja siku tulipokwenda Kisoko. Kijana Msamia wa Majanji alikuwa akimposa binti wa Mzee Obore, na wenyeji walisema Kidhopadhola. Shangazi wa kijana, Mama Resty, alimtazama binti juu hadi chini, akasema kwa Kisamia kwamba ni mwembamba kama mpini wa jembe. Mzee Maloba akawafasiria wenyeji kuwa shangazi amefurahi kuona jinsi binti alivyosimama wima.

Kumbe Mzee Obore alikuwa amenunua samaki Majanji miaka kumi na miwili. Akasema, tena kwa Kisamia safi, "Huyu mama ametaja mpini wa jembe."

Mzee Maloba akaomba maji. Akanywa glasi nzima, akafuta mdomo.

"Ni kweli, mkwe. Na mpini wa jembe husimamaje?"

Mzee Obore alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Posa ikapita. Maharusi hao sasa wana watoto watatu, na binti ameshanenepa kumshinda shangazi.

Mzee aliugua presha, wiki mbili tu, akatutoka. Usiku wa matanga mkewe, Mama Anjeline, aliniita kando. Alisema wageni wengi watatoka Tororo na Malaba, kwa hiyo mimi ndiye nitakayewafasiria kwa Kiswahili. Ila nisipunguze kitu. Miaka arobaini mumewe alikuwa akiyakata maneno ya watu, na yeye alitaka mazishini yasemwe yote.

Kesho yake, mazishini, akasimama kaka wa marehemu, Mzee Geoffrey. Alianza, kwa Kisamia, na babu wa babu yao, alivyovuka mto na ng'ombe. Nikafasiri. Akaja kwenye wake wa babu huyo, mmoja mmoja, na ugomvi wao. Nikafasiri. Saa nzima ilipita na marehemu alikuwa bado hajazaliwa. Wachimba kaburi walikuwa wakitazama wingu jeusi lililokuwa likija kutoka ziwani.

Nikahisi gauni langu likivutwa. Alikuwa Mama Anjeline.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "mwache Mzee azaliwe basi, tumzike."

Mzee Geoffrey alikuwa amerudi mtoni. Nikawaambia wageni kwamba Rasto alizaliwa, akakua, akaoa vizuri, na kaka yake anawashukuru kwa kufika. Wageni wakapiga makofi. Mzee Geoffrey, asiyejua Kiswahili, kwa kudhani wameupenda ule mto, aliinama kwa heshima na kuketi. Mvua ilitukuta tunaweka udongo wa mwisho.

Juzi familia moja ya Malaba iliniomba nikawafasirie posa. Nikachukua simu kumuuliza Mzee kama anawajua. Ilikuwa inaita tayari nilipokumbuka. Akapokea Mama Anjeline.

Nikamsalimia kwa lugha mbili zilizochanganyika, nami ni mtu wa lugha nne. Yeye akangoja nimalize.

"Ni kazi?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo, mama. Malaba."

"Nenda. Lakini kula kwanza. Hao huchelewesha chakula."