Mstari wa Kristina Ukutani

Mjomba Deogratias alisoma ubao wa kupimia maji ya mto wetu, kule Mgeta, kwa miaka thelathini na mbili. Asubuhi na jioni aliteremka bondeni, daftari likiwa kwenye mfuko wa nailoni. Akirudi, mkewe Kristina alikuwa akimtania toka jikoni, "Bwana Maji, mto umesemaje leo?" Nilipokuwa mdogo nilidhani mto haupiti bila ruhusa ya Mjomba. Natamani ningedhani hivyo mpaka leo.

Kosa lake lilikuwa utii. Watu wa idara ya maji walimwambia, "Andika unachokisoma, usikisie." Basi mwaka wa mvua za elnino ule ubao, ambao uliishia mita tatu, ukazama wote. Maji yakaingia mpaka chumbani mwao. Naye, mtu wa kutii amri, akaandika mita tatu! Kristina alipandwa na hasira, akachukua mkaa akachora mstari pale tope lilipoishia ukutani. "Haya, soma na huu!" Mjomba hakuuandika. Ila tangu mkewe afariki, kila Krismasi akipaka chokaa huuruka mstari ule. Sisi tulidhani ni majonzi tu.

Mwezi uliopita alikuja injinia Furaha kutoka mjini, binti anayesanifu daraja jipya baada ya la zamani kusombwa. Alitoa shikamoo, akakaa kwenye kigoda na kompyuta mapajani. Kwa hesabu zake za mvua na mteremko, mafuriko makubwa hapa yanapita mita nne. Madaftari ya Mjomba yalisema tatu.

"Wakubwa wangu wanaamini daftari, babu," alisema. "Wakijenga daraja kwa mita tatu, litasombwa tena, pamoja na watu."

Kwetu Waluguru mpwa ndiye mrithi, na madaftari yale ni yangu kesho. Nasema kweli, nilitaka Mjomba anyamaze. Heshima yote ile aimwage kwa siku moja?

Akainuka. "Mjukuu wangu, siku ile ubao ulizama, nami sikusema. Njoo chumbani."

Furaha akapima usawa kutoka ubaoni mpaka kwenye mkaa: mita nne na sentimita kumi na tano. Mjomba aligusa ukuta, akalia bila kujificha. Nikalia na mimi.

"Kwenye ripoti nitaandika jina lako kama msomaji, babu?"

"Hapana. Mimi siku ile sikusoma. Andika Kristina."