Kwenda Idjwi Kuonyesha Gesi ya Ndege

Nilifunga safari kwa sababu ya ujumbe wa Nsimire, mwanafunzi wangu wa zamani hapa Bukavu, ambaye sasa anafundisha fizikia kisiwani Idjwi. Aliwaambia watoto kwamba ndege zinaweza kuruka kwa hidrojeni, gesi inayotolewa kwenye maji, bila ule moshi unaoharibu hali ya hewa. Wazazi wakasema anadanganya. Baadhi yao walitaka aondolewe shuleni.

Saa mbili asubuhi nilipanda boti, betri ya pikipiki mapajani. Mama mmoja aliyetoka kuuza mananasi aliniuliza ninaipeleka wapi. Nilipomweleza, alicheka, kisha akasogeza vikapu vyake mbali nami.

Adhuhuri nilikuta wazazi wamejaa darasani. Nilitia magadi kidogo kwenye bakuli la maji, nikatumbukiza penseli mbili zilizochongwa ncha zote, nikaziunganisha na betri. Maji yakatulia tu. Nsimire aliinamisha uso. Kumbe waya mmoja ulikuwa umechomoka. Nilipourudisha, mapovu yakaanza kupanda. Nikayakinga kwa kichupa, nikasogeza kiberiti kinachowaka mdomoni mwake. Pwa! Hidrojeni ikalipuka.

“Fanya tena, maman,” alisema Papa Bahati, yule aliyeongoza malalamiko. Mara ya tatu alishika kiberiti mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha akauliza sababu, “Sasa juu ya nini ndege zenye tunaonaka hapa hazitumikishe hii gaz?”

“Bado, papa.” Nikamweleza kwamba gesi hii inataka nafasi kubwa, na ili iwe kimiminika lazima ipozwe kupita barafu. Tena umeme wa kuitengeneza utoke kwenye mto kama Ruzizi, au kwenye jua. Ukitoka kwenye mafuta, moshi umehama tu.

“Basi mwalimu angetuambia ‘bado’.”

“Mimi nilisema ‘inaweza’, papa,” Nsimire akajibu.

“Watoto walifika nyumbani na ‘inafanya’.”

Darasa zima likacheka, Nsimire naye. “Abakie,” alisema Papa Bahati, akimpa mkono. “Lakini hiyo betri pia ibakie.”

Kesho yake asubuhi nilivuka kurudi Bukavu, mapaja mepesi. Miaka yote nimefundisha sayansi kwa kueleza inachoweza. Wazazi wa Idjwi walituamini kabisa pale tulipowaambia inapoishia.