Chuma Kilichokuwa Jichoni mwa Mume Wangu

Siku ile katika chumba cha kipimo tulikuwa wanne: mume wangu, ambaye ndiye mgonjwa, mimi mkewe, mdogo wake, yaani shemeji yangu, aliyetupokea Dar es Salaam, na mama wa vipimo, ambaye hatukuwa na undugu naye. Majina yao yote ninayo kichwani, hata la yule mama, lakini siyaandiki. Wengine wana wajukuu.

Mume wangu alikuwa ameanza kuburuta mguu na kupotea njia ya shamba lake mwenyewe la tangawizi. Hospitali ya Same walimpiga picha ya kawaida, mifupa ikaonekana mizima. Daktari akasema ugonjwa huenda uko kwenye ubongo, na ubongo ni kitu laini, unataka MRI. Wakati huo hospitali za watu binafsi zilikuwa zimesharuhusiwa. Ndipo tukashuka kutoka milimani mpaka hospitali moja ya binafsi Dar es Salaam.

Kabla ya kuingizwa kwenye bomba la mashine, mume wangu alivua saa, akavua mkanda.

"Hata vifungo, kaka," shemeji akamtania. "Utanasa humo kama ndege kwenye ulimbo!"

Yule mama akaanza kumuuliza. Una betri ya moyo? Hapana. Umewahi kupigwa risasi? Hapana. Umewahi kufua chuma, cheche ikakuingia jichoni?

"Mimi mkulima," akajibu.

"Sikukuuliza kazi yako, babu. Nimeuliza jicho."

"Hapana."

Nikamwomba yule mama atueleze, maana nilimwona mume wangu anatokwa jasho na chumba kile kilikuwa baridi. Akaeleza nikaelewa, mimi wa darasa la pili. Lile bomba ni sumaku kubwa, haizimwi mchana wala usiku. Mwili umejaa maji, na ndani ya maji mna chembe ndogo mno ambazo sumaku inazipanga. Mashine inazisukuma kwa mawimbi kama ya redio, zinayumba; zikirudi mahali pake zinatoa ishara, na kompyuta inachora, kipande kwa kipande, kama unavyokata mkate. Hakuna kisu. Ni kelele tu, ngo ngo ngo, na kulala bila kutikisika.

"Lakini chuma, babu, kinavutwa. Kikiwa jichoni kikageuka humo ndani, jicho limekwenda."

Mume wangu akauliza: "Hata kikiwa kidogo? Hata cha zamani?"

"Hata cha zamani."

"Basi mke wangu atoke nje."

"Sitoki," nikasema. "Macho hayo nimeyaosha mimi."

Akasema, akiwa ameangalia ukuta. Miaka ile ya shida, jembe la dukani lilipokuwa halionekani, yeye alikuwa akishuka upande wa Kwakoa wiki mbili, tatu. Kwangu aliaga anafuata mbuzi. Kumbe alikuwa kwa mjomba wake, mfua chuma, wanafua majembe kwa springi za malori. Siku moja alirudi jicho limevimba, akaniambia ni mwiba. Nililiosha kwa maji ya chumvi siku tisa. Na mjomba si wa kuokota: mama mkwe wangu alizaliwa kwenye ukoo wa wafua chuma, ambao kwetu watu huogopa kuoana nao, nami niliambiwa ni mtu wa Usangi, watu wa mashamba tu.

Nikamtazama shemeji. Hakushtuka. Alikuwa anakunja ule mkanda, anaukunjua, anaukunja tena.

Wakampiga picha ya jicho. Kipande kilikuwamo, cheupe, kama punje ya ulezi. MRI ikakataliwa, akapelekwa kwenye kipimo kingine. Yule mama akamwambia, "Ahsante kwa kusema ukweli, babu." Kwa robo saa mgeni aliupata ukweli ambao mimi sikuupata kwa miaka yote ya ndoa.

Uongo wa mbuzi ningeusamehe. Lakini binti yetu mkubwa alipoletewa posa na kijana wa wafua chuma, ni mume huyu aliyesimama mbele ya wazee akasema, "Nyumba yangu haichanganyi damu na nyundo. Laana yao haina dawa." Shemeji akaitikia. Binti akaondoka na kijana wake, akaenda mbali kupita Kihurio, na hajarudi. Mjukuu wangu wa kwanza simjui sura.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Niliogopa utaniacha."

"Ukaona heri aniache binti yetu?"

Niliendelea kumsongea ugali na kumfungia kamba za viatu mpaka alipokufa, lakini sikumwita tena mume wangu.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka, na umri unachezea watu. Kama yuko aliyekuwapo siku ile ya posa, na alinisikia nikifungua mdomo kumtetea mwanangu hata kwa neno moja, tafadhali anisahihishe. Mimi nakumbuka nilikuwa nimeshika birika, nikaendelea kumimina chai.