Latai na Filamu ya Pande Mbili

Haya nitakayoyaandika hakuna atakayeyaamini, wala simlaumu mtu. Mke wangu alikuwapo, na bado ananiita mwongo.

Latai ni binti wa dada yangu. Kwetu Tonga mtoto wa dada ana enzi juu ya mjomba wake: akimtaka nguruwe wako anamfungua tu, nawe unatabasamu. Sasa mtoto wa namna hiyo akaamua kutengeneza filamu kwa simu. Wenzake duniani hutafuta wafadhili. Yeye alikuwa na mimi. Pikapu yangu ilibeba waigizaji, nguruwe wangu aliwashibisha, na koti langu la kanisani lilivaliwa na jambazi.

"Mjomba, naazima pikapu."

"Utairudisha lini?"

"Kwani lazima irudi? Nimesema naazima kwa adabu tu."

Filamu ilimhusu fundi boti aliyempenda msuka mikeka. Wapenzi hao aliwatoa kisiwa kingine, maana hapa kijijini sote ni ndugu. Hata binamu ni kaka au dada. Na kaka hakai na dada yake mahali pamoja wakitazama mambo ya mapenzi. Latai aliwafikiria waigizaji, watazamaji akawasahau!

Tukajaa ukumbini, projekta ya shule ikamulika ukutani. Fundi akamshika msuka mkono. Mkono tu, jamani! Kepueli, kaka yake Latai, akainuka macho chini, akatoka. Wanaume wote wakamfuata, mimi nikiwamo. Wanawake nao wakaanza kukunja mikeka.

Ofisa wa kijiji, Mzee Vilisoni, hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mwanangu, hii picha inawaaibisha ndugu. Nakupa Jumamosi uionyeshe tena. Watu wakiondoka tena, basi. Na nahodha nitamwambia asiibebe."

Bila boti ya nahodha yule filamu haifiki kisiwa chochote, na Latai alikwisha kuwaahidi waigizaji wake kwamba itaonekana visiwa vyote.

"Ukate huo mkono," nikamshauri.

"Nikiukata, Mjomba, inabaki hadithi ya kupigilia misumari. Nani atalilia mbao?"

Jumamosi jioni akaingia kwangu, akavua shuka kitandani. Shuka jeupe, pana, la wageni!

"Na mimi nitalalia nini?"

"Lalia sifa zako, zinatosha kutandika kitanda."

Akalifunga kwenye milingoti ya goli la raga uwanjani, akalilowesha maji mpaka likachuruzika. Wanawake akawakalisha upande huu, penye projekta. Wanaume akatupeleka nyuma ya shuka. Tukanung'unika kwamba tumewekwa jikoni. Taa ilipowaka, picha ikapenya lile shuka bichi, ikatutokea ng'aa! Kaka na dada wakawa uwanja mmoja, filamu moja, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Mkono ukafika. Nikamtazama Kepueli. Akakohoa. Akajikuna shingo. Akabaki pale pale.

Hakuinuka mtu. Fundi alipoondoka na boti yake bila kuaga, wanawake upande wa pili wakaangua kilio, na huku kwetu Mzee Vilisoni akapenga kamasi kama tarumbeta.

"Moshi huu," akasema.

Moshi upi? Hapakuwa na hata kiberiti.

Ilipokwisha, Kepueli alizunguka shuka akamkuta dada yake anakunja nyaya. Hakumtazama usoni, maana ni dada yake.

"Yule fundi," akasema, "angerudi."

"Atarudi. Natengeneza ya pili."

"Basi nitabeba projekta."

Mpaka leo wanaume tunaapa fundi yule ni wa mkono wa kushoto, kwa kuwa tulimwona kinyume, na wake zetu wanaapa ni wa kulia. Kuna nyumba watu hawajapikiana kwa ubishi huo.

Mzee Vilisoni mwenyewe ndiye aliyeipeleka filamu kwa nahodha, ndani ya flashi aliyoifunga kwenye leso. Sasa kila kisiwa kinatundika shuka katikati, na jamaa walioko Auckland wanaiomba. Ah, siku ile boti inang'oa nanga! Watu elfu kumi gatini, bendi inapiga, nami nimebebwa mabegani wakiimba jina langu, maana wazo la shuka, kusema kweli, nilikuwa nimelitoa mimi mwe—

"Mjomba! Nani alibebwa?" Ni Latai, anasoma juu ya bega langu.